Kuku Niliyemtolea Mungu Shukrani

Jumamosi, mwezi wa saba. Kijijini Akheri, saa kumi na moja jioni.

Leo jua halijatoka kabisa. Mlima umejifunika tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na hapa barazani nilipokaa nimejifunga kanga juu ya sweta na bado natetemeka. Nisiisingizie baridi. Natetemeka kwa mambo ya leo, na kwa sababu nimejiona nilivyo.

Niseme mapema, nisije nikajipambia maneno huko mbele. Leo asubuhi jirani yangu mmoja, mama ambaye sijawahi kusikia amegusa hata kijiti cha mtu, amekaribia kuzuiwa Meza ya Bwana kwa wizi wa mayai. Mwizi ni kuku. Kuku huyo alikuwa wangu, na nilimpeleka madhabahuni mimi mwenyewe, nikiimba.

Sijui nianzie wapi. Acha nianzie kwenye titi.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikuta uvimbe kwenye titi la kushoto, nikiwa naoga, asubuhi ya siku ya kazi. Nilikwenda shule nikafundisha vipindi vinne kana kwamba hakuna kitu. Baadaye hospitali wakachukua kinyama kidogo wakapime, nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri wiki tatu. Ukitaka kumjua mtu, mwache asubiri majibu ya namna hiyo wiki tatu. Nilikuwa nasali jikoni, nasali chooni, nasali huku nasahihisha madaftari. Nikamwahidi Mungu kwa mdomo wangu kwamba akinivusha, nitaishi kama mtu aliyepewa maisha mara ya pili, na nitamtolea kilicho chema kuliko vyote nilivyonavyo. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivyo, nilisema mwenyewe.

Majibu yakaja. Uvimbe usio na madhara. Nililia pale kwa daktari mpaka akanisogezea boksi zima la tishu, akatoka nje kidogo aniache.

Kwetu huku mtu aliyetendewa jambo hakai nalo kimya. Unachagua Jumapili, unakwenda mbele na familia yako na rafiki zako, mnaimba, unatoa ulichobeba. Mwenye mkungu wa ndizi analeta mkungu, mwenye mbuzi analeta mbuzi. Ibada ikiisha vinanadiwa nje ya kanisa, na hapo ndipo raha ilipo: mtu ananunua jogoo anamrudisha anadiwe tena, mwingine ananunua miwa anampa mke wa mchungaji, watu wanacheka, vigelegele. Nimekulia kwenye minada hiyo.

Nikapanga Jumapili yangu mwezi wa tano. Vitenge tulishona sare, mimi na dada zangu na akina mama sita wa kwaya. Kushona kulichukua wiki mbili. Kuchagua sadaka kulichukua dakika tano, Jumamosi jioni, nimesimama bandani.

Nilikuwa na mitetea wawili wa kienyeji waliofaa kubebwa. Mmoja ni wa madoadoa, anataga vizuri na analea vifaranga kama amesomea. Mwingine mwekundu, mnene, manyoya yanang'aa, ukimwona tu unampenda. Lakini huyo mwekundu alikuwa anakula mayai. Anataga, anageuka, anadonoa, anakunywa, anamalizia na ganda. Nilikuwa nimemtenga kwenye tenga peke yake mwezi mzima ili asiwafundishe wenzake, maana kuku mmoja akianza tabia hiyo banda zima litamfuata.

Nikamchukua mwekundu.

Baba Gloria, mume wangu, alikuwa mlangoni akiniangalia. Akauliza kwa upole, "Huyo ndiye unampelekea Mungu?"

Nikamjibu, "Mungu hali mayai, Baba Gloria."

Tulicheka wote wawili. Nakumbuka nilivyojiona mjanja. Nilijiambia pia kwamba kuku wa mnada siku zote anaishia kwenye sufuria, atanunuliwa na mtu wa mjini, kesho yake mchuzi, nani atajua? Kwa mchuzi alikuwa kuku mzuri kweli, na sikuona nimemdhulumu mtu.

Jumapili ikafika, nikatoa ushuhuda, watu wakalia. Nililia na mimi, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Hilo linanichanganya mpaka sasa hivi. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, huku nimembeba mkononi kuku niliyetaka kumwondoa nyumbani.

Mnadani mwekundu aliwapagawisha watu kwa ule unene wake. Akanunuliwa na mgeni mmoja kutoka Njiro, mjini, aliyekuja kwa ajili ya ubatizo. Lakini yule bwana hakumpakia kwenye gari. Akasema, "Mpeni yule bibi aliyekaa pale nyuma." Yule bibi ni Bibi Ndeshi, mjane wa jumuiya yetu, anaishi peke yake nyumba ya nne kutoka kwangu, na mayai ya kuku wake saba ndiyo yanayompatia sukari, sabuni na dawa yake ya presha.

Vigelegele vikapigwa. Nami nilipiga.

Kisha nikamfuata Bibi pembeni nikamwambia, nusunusu, "Bibi, huyo mchinje tu, ni wa mchuzi." Akanitazama kama nimemtukana. "Kuku wa shukrani ya uhai wako nimchinje? Huyu atakaa na wenzake, aniletee baraka." Nilitakiwa kusema hapo hapo. Sentensi moja tu ilitosha. Lakini akina mama wa kwaya walikuwa wamesimama pembeni yangu na vitenge vyetu vipya, mchungaji yupo hatua tatu mbele, na mimi nimetoka kushuhudia nusu saa iliyopita. Nikatabasamu nikasema, "Amina, Bibi."

Nikaenda nyumbani. Hiki ndicho kinachonishtua kuliko yote: sikumfikiria tena yule kuku, hata siku moja, kwa miezi miwili.

Sasa leo.

Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Leo ilikuwa kwa Bibi Ndeshi. Mimi ndiye katibu, nakaa karibu na mzee wa kanisa, Baba Eliya, na daftari langu. Baada ya Neno na maombi, Baba Eliya akasema limebaki jambo moja zito, la Mama Nuru. Nilikuwa nimesikia minong'ono kwamba Mama Nuru ana mkono mrefu, lakini sikuuliza nini kimeibwa. Niseme ukweli, nilikuwa nimeanza hata kumsalimia kwa mbali.

Mama Nuru ndiye anayemsaidia Bibi. Magoti ya Bibi hayaruhusu kuinama, kwa hiyo kila asubuhi Mama Nuru akitoka kukata majani ya ng'ombe wake anapitia pale, anafungua banda, anaokota mayai, anamletea Bibi ndani. Halipwi chochote kwa kazi hiyo. Na kwa wiki nyingi sasa alikuwa anamwambia Bibi, leo hakuna yai. Kesho yake, hakuna yai. Kuku saba, sasa wanane, wanakula pumba vizuri, hakuna yai. Bibi akavumilia, mwisho akamwambia mtu mmoja, mtu mmoja akawaambia wengine, na leo wiki ya tatu Mama Nuru anaitwa mwizi, ingawa bado ndiye anayefungua banda, maana Bibi hana mwingine.

Baba Eliya si mtu mbaya. Alisema kwa huzuni kwamba Mama Nuru akae kwanza bila kwenda Mezani mpaka atakapotubu, na kama hatubu jambo lipelekwe kwa mchungaji. Nilikuwa naandika. Niliandika jina lake, nikaandika neno wizi.

Mama Nuru akasimama. Hakupiga kelele. Alisema, "Wazee wangu, shikamooni. Mimi sijala yai la Bibi. Kila nikiingiza mkono kwenye kiota nakuta nyasi zimelowa, zinanata. Sijui ni nini. Mungu anajua."

Watu wakaguna. Mama mmoja akasema nyasi zinazonata ndiyo nini tena. Na Bibi, maskini, akasema huku anafuta macho, "Na hii imeanza baada ya kuletewa yule kuku wa Mwalimu. Nilidhani ataniletea baraka."

Kalamu ilinianguka.

Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ilianguka ikaenda chini ya benchi na sikuinama kuiokota. Nyasi zilizolowa, zinanata! Mimi nimeziona nyasi hizo bandani kwangu mwezi mzima. Katika watu wote kumi na saba waliokaa pale, mimi peke yangu nilijua ni nini, na nilijua mwizi ameletwa na nani.

Nilisema. Angalau hilo nilifanya. Nilisimama nikasema, "Subirini. Hao kuku ndio wanaokula mayai." Wengine wakacheka. Nikaomba yai, jirani akaenda kuchukua moja kwake, tukatoka wote mpaka bandani, nikaliweka kiotani. Hatukungoja hata kidogo. Mwekundu alikuja mbio, tok, akalitoboa, na wale saba wa Bibi wakaja nyuma yake wakigombania, mpaka ganda likaisha mbele ya macho yetu. Nyasi zikabaki zimelowa.

Bibi Ndeshi alijishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mzee mmoja akasema shetani hana adabu, ameingia mpaka kwa kuku wa sadaka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumalizia maneno yangu, kwamba nilijua tangu mwanzo. Lakini yakaanza mengine. Baba Eliya akasema, "Mwalimu ana macho! Tungemhukumu mtu bure." Akina mama wakanishika mabega. Mama Nuru akanishika mikono yote miwili, analia mpaka anakosa pumzi, ananiambia Mungu akulipe, umeniokoa. Umeniokoa, aliniambia hivyo. Na Bibi Ndeshi, ambaye ndiye amepoteza kila kitu, akawa ananifariji mimi: "Usijisikie vibaya, mwanangu, hukujua."

Nikasema, "Sikujua, Bibi."

Nilijisikia nikisema. Mdomo ulifunguka wenyewe, sauti laini, ya huruma, kama ya mtu mwema. Baba Eliya akaomba, akamshukuru Mungu kwa kutupa dada mwenye hekima. Nami nikaitikia amina, tena kwa sauti.

Nilirudi nyumbani nimekunywa chai ya Bibi na nimekula magimbi yake. Baba Gloria alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nikamsimulia, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilianza kusimulia kama kichekesho, nikiigiza sauti ya yule mzee na shetani wake. Hakucheka. Akaniuliza kama wamejua kwa nini nilimtoa yule kuku. Nikasema hapana. Akaendelea kukata majani, akasema tu, "Mimi nilijua, nikacheka na wewe." Nilikaa kwenye ndoo pale zizini.

Nilishtuka sana. Nimesali miaka yangu yote. Nimefundishwa tangu mtoto kwamba hatuishi vizuri ili Mungu atupende, tunaishi vizuri kwa sababu ametupenda tayari. Nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili maneno hayo hayo na picha nimewachorea. Na nilipopewa uhai bure kabisa, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta namna ya kushukuru bila kupungukiwa na kitu. Kisha nikadanganya mbele ya watu wanaosali. Sikuwa na njaa, sikuwa natishwa na mtu. Nilitaka tu kuendelea kusifiwa.

Saa nane mchana nilikwenda bandani nikamshika yule wa madoadoa, nikamtia kwapani, nikarudi kwa Bibi.

Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage. Nikasalimia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, akafurahi kuniona, ikawa vigumu zaidi. Nikamwambia yote. Ahadi niliyomwekea Mungu nikisubiri majibu, mitetea wawili, maneno niliyomwambia Baba Gloria, na kwamba leo asubuhi nilijua, na siku ile ya mnada nilijua. Nilipofika kwenye maneno yale, Mungu hali mayai, ikabidi niyarudie mara mbili.

Bibi aliendelea kuchambua, akatupa jiwe moja nje, akatupa jingine. Nikamwekea kuku wa madoadoa miguuni nikasema, "Pokea huyu, Bibi, ni mzuri kweli."

Akasema, "Mchukue."

Nikamsihi. Akanitazama usoni, akaniambia, "Ukiniachia huyo, leo utalala vizuri. Sitaki ulale vizuri. Mimi umeniharibia kuku tu, mwanangu, na kuku nitawapata. Mama Nuru nimemwita mwizi kwa mdomo wangu huu, mtu anayeniingizia maji ndani kila siku. Niinue, twende."

Nikamwinua. Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti yake, mkono mmoja nimemshika Bibi, kwapa la pili nina kuku. Watu waliokuwa njiani walitusalimia wakicheka, wakidhani tunakwenda kwenye sherehe.

Mama Nuru alikuwa shambani anachuma kahawa, ndoo imefungwa kiunoni. Bibi akaanza. Alimtaka radhi kabla hata ya kupumzika, na Mama Nuru akamwahi akamshika, akageuza ndoo nyingine akamketisha, akamwambia yamekwisha, Bibi, yamekwisha, wala usilie. Halafu Bibi akanigeukia. Ikabidi niseme tena, mara ya pili siku moja, na kule kuyasema mara ya kwanza hakukunirahisishia chochote.

Mama Nuru alikuwa amesharudi kwenye tawi, mikono yake ikasimama. Akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Asubuhi nimekushika mikono."

"Ulinishika, ndugu yangu."

"Wiki tatu Nuru anarudi shuleni analia, wenzake wanamwambia mama yako anaiba mayai. Mwanafunzi wako, Mwalimu." Hakupandisha sauti. Akatazama chini, akatazama ndoo yake, akasema, "Nitakusamehe. Lazima nitakusamehe, tunasali pamoja. Lakini leo siwezi. Leo nimechoka. Nenda nyumbani."

Akarudi kuchuma. Mimi hakunipa pa kukaa.

Nilidhani nitaumia zaidi. Nilipokwisha kumfikisha Bibi kwake, narudi na kuku wangu kwapani, niligundua kwamba nilikwenda kule nimeshaandaa namna ya kushukuru nikisamehewa, maneno mazuri, na machozi kidogo. Hata toba yangu ilikuwa na sare. Nashukuru hakuyapokea.

Nimempigia simu Baba Eliya nikamwambia kesho baada ya ibada, kabla watu wa jumuiya yetu hawajatawanyika, nina maneno. Nilimwambia maneno yenyewe. Akasema, kwa wema kabisa, "Mwalimu, si lazima. Jambo limeshakwisha vizuri, kwa nini ujiaibishe?" Alinipa mlango mpana wa kutokea na nitakuwa mwongo nikisema sikuutamani. Nikamwambia Nuru bado anarudi shuleni Jumatatu. Akasema basi, sawa.

Kuna jambo jingine nimeamua, dogo. Kuku waliokwisha kujifunza kula mayai wanahitaji mtu wa kuwahi kiotani kabla hawajageuka, mapema asubuhi, na mara nyingine tena mchana. Mwekundu atachinjwa kesho, Bibi mwenyewe amekubali, lakini wale saba tutawapunguza ncha za midomo na kuwavizia mpaka wasahau. Nitakuwa nakwenda mimi, saa kumi na mbili kasoro, kabla ya shule, na mchana atakwenda Gloria akitoka masomoni. Wiki ngapi sijui. Bibi alipoambiwa alisema nisichelewe, na nivae viatu ambavyo havitaharibika. Hakusema asante, na sikutaka aseme.

Naandika haya hapa hadharani, kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, kwa sababu mwezi wa tano niliweka hapa hapa picha za vitenge na yule kuku, na mlinipa hongera nyingi. Zile picha sitazifuta. Zisomeni pamoja na haya.

Mwili wangu ni mzima. Nimejigusa tena leo, hakuna kitu, niko hai bure kabisa kama nilivyokuwa jana. Mungu hajabadilisha majibu yale kwa sababu ya kuku. Hilo nalo linanitisha, sijui niseme vipi, linanitisha kuliko kama angenikasirikia.

Kesho ni Jumapili. Sitakaa na kwaya. Mama Nuru huwa anakaa benchi la tatu upande wa akina mama, mwisho kabisa, karibu na dirisha. Nitawahi, nikae benchi hilo hilo, dirishani nimwachie nafasi yake. Akikaa kwingine, nitaelewa, na Jumapili inayofuata nitaiacha wazi tena.